Turubai Lilifunguliwa Mara Tatu: Siku Sita na Gari la Vitunguu

Jumatatu, Arusha

Fuso liliingia soko la Kilombero saa 11 alfajiri, limekesha njiani kutoka Mang'ola. Dereva akateremka, akanyoosha mgongo, akasema, "Shikamoo mama. Wamelala salama," kana kwamba kabeba wanafunzi. Nilicheka, lakini vitunguu havilali. Ukivifunika turubai vinatoa jasho, na jasho likikosa pa kwenda, siku ya nne vingine vinaota majani na vingine vinageuka uji. Ndiyo maana safari ya vitunguu mimi siihesabu kwa kilomita. Arusha hadi Namanga ni kilomita 110 hivi, lami tupu. Mtu asiye na mzigo anapanda Noah asubuhi, anakunywa chai mpakani, na adhuhuri haijafika ameshageuza. Mwenye mzigo ana kalenda yake.

Safari hii nilinunua daftari la shule. Wazo nililipata kwenye semina ya wanawake wafanyabiashara hapa mjini. Mwezeshaji alituacha tulalamike weee, halafu akauliza, "Mnasema mnacheleweshwa mpakani. Saa ngapi?" Ukumbi kimya. Hasira tulikuwa nazo tele, tarakimu hatuna. Basi nikaapa: kila gari likisimama naandika limesimama saa ngapi, limeondoka saa ngapi, na kwa ajili ya nani.

Kusimama kwa kwanza kulikuwa kwa ajili yangu mwenyewe. Magunia yalikuja 80, yote yamevimba juu kwa lumbesa, yameshonewa kilemba cha majani. Lumbesa haivuki. Hata ndani ya nchi Wakala wa Vipimo wanaikataza, ila mashambani ni kama desturi ya ndoa, kila mtu anailaumu na kila mtu anaifanya. Tulimwaga vyote chini tukapima upya kwenye nyavu za kilo 100. Magunia 80 yakazaa nyavu 104. Ndiyo, najua nani kalipia hizo 24 za ziada. Mkulima wa Mang'ola naye angekuwa na daftari, ukurasa wangu usingekuwa mzuri. Saa 4 na dakika 20 zikaishia hapo.

Halafu zikaanza hati. Kitunguu kinachotaka kuvuka Namanga kwa heshima kinahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho kwetu hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kinahitaji hati ya uasili, inayosema kimelimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili kisitozwe ushuru wa forodha. Kinahitaji stakabadhi ya ushuru wa mazao ya halmashauri, na tamko la forodha ambalo wakala analiingiza kwenye mfumo wa TRA. Upande wa pili, mnunuzi wangu wa Nairobi awe ameshapata kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya. Gari nalo lina hati zake. Na kuna kadi mbili za njano, msizichanganye: moja ya dereva, ya chanjo ya homa ya manjano, nyingine ya gari, bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilishajitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye bima hiyo tumo. Sijui nani alifikiria kulibakiza hilo, Mungu ambariki.

Arusha tuna bahati ambayo watu wa Tunduma hawana. Makao makuu ya TPHPA yako hapa, njia ya Ngaramtoni. Tume ya Nguvu za Atomi, wanaopima mionzi kwenye vyakula, wako Njiro. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, ambayo mkataba wake ulisainiwa mji huu huu tarehe 30 Novemba 1999, ina jengo lake la vioo ambalo nalipita nikienda kwa wakala wangu. Ungedhani kwa ujirani huo karatasi zingekuwa zinatembeleana zenyewe. Zilitembezwa na mimi, kwa bodaboda.

Kwenye ofisi moja, na siitaji, niliambiwa malipo yangu hayaonekani. Nimeshalipa kwa namba ya malipo waliyonipa wao, ujumbe wa benki ninao kwenye simu. "Mtandao haujasoma, mama. Njoo kesho." Nikaandika: saa 9:10 alasiri, mtandao haujasoma.

Jumanne, Arusha hadi Namanga

Mtandao ulisoma saa 3 asubuhi. Lakini ofisa wa kuja kuuona mzigo alikuwa peke yake zamu hiyo, na magari yalikuwa matano yaliyotawanyika pande tatu za mji. Alipofika alifanya kazi yake vizuri, kijana mpole, akakata vitunguu viwili kwa kisu, akanusa, akatazama shina. Dakika 15. Kumsubiri: saa 3 na dakika 50. Hapo ndipo nilipoanza kuona daftari linaniambia kitu ambacho hasira ilikuwa hainiambii. Kazi yenyewe fupi, kusubiri ndiko kurefu.

Tuliondoka Sakina saa 10 jioni. Ngaramtoni, Oldonyosambu, halafu ule mteremko ambako Meru inabaki nyuma na mbuga inafunguka hadi Longido. Nilikaa mbele na dereva, utingo juu ya mzigo kajifunika koti la baridi, maana Julai ya huku haina huruma.

Dereva ana miaka mingi kwenye barabara hii na hadithi zake zote zina foleni ndani. Alinisimulia Machi 2021, alipokuwa na mahindi. Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Baada ya siku chache zuio likaondolewa, likaacha masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. "Mama, sisi tulilala pale, tukapika pale, mwenzetu mmoja akachumbia pale," alisema. Nikamuuliza kama lile sharti lilikuwa baya. Akafikiri hadi tukapita kona. "Sharti siyo baya. Sumukuvu inaua, Dodoma na Manyara walishazika watu. Ubaya ni kwamba gari limeshaondoka ndipo barua inaandikwa."

Nakubaliana naye, na niongeze langu. Kiwango hicho cha 10 ni cha Jumuiya nzima, si cha Kenya peke yake. Mahindi yale yale yangeweza kupimwa Arusha kabla ya kupakiwa na jibu likaheshimiwa ng'ambo. Watu wawili wenye rula moja, kwa nini kila mmoja apime ubao wake?

Tulifika Namanga saa 1 na nusu usiku. Forodha walikuwepo, taa zinawaka, wakala wangu wa mpakani yupo. Ila mtu wa ofisi nyingine, ambaye bila sahihi yake hakuna kinachosogea, alishafunga akaenda nyumbani. Lango halilali, lakini mmoja wa walinzi wa lango anasinzia, basi ni sawa na kulala. Tukaegesha. Saa 11 na nusu za kusubiri hadi asubuhi, nikaandika, na sababu nikaiacha wazi.

Jumatano, Namanga

Hii siku niieleze taratibu kwa sababu ndiyo niliyoifuata.

Nimeijua Namanga ya zamani. Unasimama upande wa Tanzania, unapanga foleni uhamiaji, unapanga foleni forodha, unapata mihuri. Unavuka mita mia chache zenye wauza shanga na wabadilisha fedha, unaanza upya Kenya: foleni, foleni, mihuri. Vitunguu vyako ni vile vile, gari ni lile lile, na maswali ni yale yale kwa Kiswahili tofauti kidogo.

Tarehe 1 Desemba 2018 Rais Magufuli na Rais Kenyatta walizindua kituo cha huduma kwa pamoja, ambacho huku kila mtu anakiita OSBP. Wazo lake ni jepesi hata utingo aliweza kunieleza: anayetoka Tanzania hasimami Tanzania, anapitiliza hadi jengo la Kenya, na humo anawakuta maofisa wa nchi zote mbili. Wa kwetu anakugongea muhuri wa kutoka, anasogea wa kwao anakugongea wa kuingia. Anayetoka Kenya naye anapitiliza hadi kwetu. Ili jambo hilo liwezekane ilibidi itungwe sheria ya Jumuiya, ya mwaka 2016, inayomruhusu ofisa wa Tanzania kufanya kazi ya Tanzania akiwa amekalia kiti kilichoko Kenya. Ukifikiria vizuri ni jambo kubwa. Nchi imemkaribisha jirani aje na sheria zake sebuleni.

Na kwa upande wa pasipoti inafanya kazi. Mimi mwenyewe, mihuri miwili, dakika 9 pamoja na salamu. Forodha, dakika 25, kwa sababu wakala alishaingiza kila kitu kabla ya gari kufika, na wao wa pande mbili wanasomana kwenye kompyuta. Tangu 2014 Jumuiya ina utaratibu wa himaya moja ya forodha, na unauona: hakuna anayeuliza tena kile ambacho mwenzake ameshauliza.

Saa 2:40 asubuhi nilikuwa nimeshaanza kumwandikia mnunuzi kwamba naingia Nairobi mchana.

Saa 2:55 akaja ofisa wa kwanza. Fungua turubai. Makuli wakapanda, kamba zikafunguliwa, nyavu sita zikashushwa. Akatazama, akaandika, akaridhika. Nyavu zikarudi, kamba zikafungwa. Makuli nikawalipa.

Saa 4:20 akaja wa pili, idara nyingine. Fungua turubai. Nikasema, "Kaka, limefunguliwa sasa hivi, mwenzako ameona." Akasema kwa upole kabisa, "Yule anaangalia mambo yake, mimi naangalia yangu." Alikuwa mkweli. Nyavu zikashuka, zile zile sita kwa kuwa ndizo za juu. Makuli nikawalipa tena. Wao siku hiyo walinipenda sana.

Saa 6:15 wa tatu. Sitasema wa idara gani wala wa nchi gani. Utingo alipomwona tu anakuja aliketi chini akaanza kucheka peke yake. Jua la Namanga limeshapanda, vumbi linatoka upande wa mlima wa Ol Doinyo Orok, na vitunguu vyangu vinaota jua kama nguo za kuanikwa.

Wakati huo, ng'ambo ya uwanja, gari la parachichi lilikuwa linakaguliwa. Nikahesabu watu: wanne, wamevaa sare tofauti, wamesimama pamoja. Turubai moja, mara moja, wote wanatazama, wote wanaandika, gari likaenda. Dakika 18 kwa saa yangu. Nikadhani ni mzigo wa mkubwa.

Nilimfuata mama mmoja ambaye nilimwona anaheshimiwa pale, mkuu wa zamu. Nikamwamkia, nikamweleza bila kelele, nikamwonyesha daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, hadi lumbesa. Kisha akauliza, "Mbona hamkuomba ukaguzi wa pamoja?"

"Unaombwa wapi, mama?"

"Wakala anatuandikia siku moja kabla. Tunapanga saa, wanakuja wote."

Nikamgeukia wakala wangu. Wakala akaangalia viatu vyake. Kumbe lile gari la parachichi halikuwa la mkubwa yeyote, lilikuwa la mtu mwenye wakala aliyeandika barua.

Nilikasirika, kisha nikakasirikia hasira yangu. Maana ukweli una ncha mbili. Wakala wangu ni mzembe, hilo tumelimaliza mimi na yeye. Lakini kwa nini kukaguliwa mara moja kuwe ni jambo la kuombwa, na kukaguliwa mara tatu ndiyo iwe kawaida? Kwenye semina ile tulisomewa mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika Februari 2017. Kifungu cha 8 kinazihusu taasisi za mpakani: zishirikiane ndani ya nchi, na nchi zinazopakana zilinganishe siku na saa za kazi, zitumie majengo kwa pamoja, zikague kwa pamoja. Siku ile nilisinzia kidogo. Jumatano hii, nimesimama juani, nilikikumbuka neno kwa neno. Saa za kazi: ndiyo ile sababu niliyoiacha wazi usiku. Kukagua pamoja: ndiyo turubai langu.

Mama yule alinieleza jambo moja zaidi nililokuwa silijui. Pale mpakani kuna kamati ya pamoja, wajumbe wake ni taasisi za pande zote mbili na mawakala, na wanakutana. "Tukikaa tunaelewana," alisema. "Ila mimi si bosi wa idara ya mwenzangu. Naweza kumwomba. Ana mkuu wake, na mkuu wake yuko mbali." Jengo limejengwa moja, mistari ya amri imebaki mingi, kila mmoja unapanda kwenda mjini kwake. Forodha wanapimwa kwa mapato, mwingine kwa wadudu aliowazuia, mwingine kwa usalama. Saa za kitunguu hazipo kwenye ripoti ya mtu yeyote kati yao.

Tuliondoka saa 8:05 mchana. Namanga: saa 18 na dakika 35, na katika hizo, kazi halisi ya kila mtu ukiijumlisha haifiki saa 2 na nusu. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu nikiwa kwenye gari, nikidhani nimekosea.

Alhamisi, Nairobi

Soko la Marikiti. Mnunuzi alinipokea kwa chai na habari mbaya. "Hii mzigo ilikuwa ifike jana, mathe. Jana asubuhi bei ilikuwa yako." Tulikuwa tumekubaliana shilingi 70 za Kenya kwa kilo. Usiku magari mengine yameingia, sasa ni 62. Nyavu tatu zilikuwa zimeharibika, zile za juu, zilizopanda na kushuka. Kilo 10,100 mara shilingi 8: 80,800 za Kenya zimeyeyuka kwa kuchelewa siku moja. Ukiziweka kwa pesa zetu ni ada ya mtoto.

Sina la kusema kuhusu Nairobi. Nililala.

Ijumaa, Nairobi hadi Taveta

Dereva alirudi na gari kwa njia ya Namanga. Mimi nilitaka kurudi kwa Holili, nione mpaka wa pili, na pia nina wifi yangu Moshi ambaye anafanya biashara ndogo Taveta na kila siku ananiambia mimi wa malori siujui mpaka. Treni ya saa 2 asubuhi, ile inayosimama vituo vyote, nikashuka Voi mchana, nikapanda matatu ya Taveta: Mwatate, Maktau, katikati ya Tsavo. Lami nzuri. Abiria mwenzangu, mzee wa Kitaita, alinionyesha kwa kidole Waingereza na Wajerumani walipopigana mwaka 1916, na akasema reli ya Voi hadi Moshi ilijengwa na jeshi ili kuwafuata Wajerumani. Fikiria, walikuwa na haraka ya kuvuka mpaka kuliko sisi.

Saa 11 jioni Kilimanjaro ikajitokeza mbele, Mawenzi upande huu, Kibo nyuma yake. Mpaka unaotoka pwani umenyooka kama uzi, ukifika mlima unapinda, unauzunguka, kisha unanyooka tena. Watu husema Malkia alimzawadia mjukuu wake mlima. Ni hadithi tu. Mstari ulikubaliwa mwaka 1886 kwenye meza, na waliokubaliana hawakuwahi kuuza hata ndizi moja Taveta.

Jumamosi, Taveta, Holili, Moshi

Wifi alinikuta sokoni saa 3, ameshauza. Alivuka alfajiri na magunia manne ya maharage ya soya na ya njano, kayapeleka kwa mteja wake, pesa kaziweka kifuani. "Umeona wifi? Wewe una siku sita, mimi nina asubuhi."

Nikamuuliza alivuka vipi. Kwa lango, kihalali kabisa, na cheti anacho. Alinionyesha kwa fahari: hati ya uasili iliyorahisishwa, karatasi moja, inajazwa pale pale mpakani. Ni kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, bidhaa iwe ya ndani ya Jumuiya na iwemo kwenye orodha waliyokubaliana. Huhitaji wakala. Inakuondolea ushuru wa forodha, ingawa haikuondolei vibali vingine. Maharage bado yanataka cheti cha afya ya mimea. Wifi aliijua karatasi hii miaka mitatu tu iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa analipa mtu wa kumvushia.

Tukaenda Holili pamoja. Ni kituo kidogo kuliko Namanga, nacho cha pamoja, kilizinduliwa mwaka 2016. Kwa kuwa nilitoka Kenya, nilipitiliza jengo la Taveta nikaingia la Tanzania. Ofisa wa Kenya na wa kwetu wamekaa kaunta moja, wanapeana kalamu. Kadi ya homa ya manjano ikatazamwa. Dakika 11. Nilipoliandika hilo, ofisa wa kwetu akachungulia daftari. "Unaandika nini, dada?"

"Dakika."

"Andika na ya jana basi. Jana umeme ulikatika, ungetuchukia."

Lakini wifi hakuwa nami kwenye kaunta. Tulipokaribia lango aliniambia tangulia, tutaonana Himo. Kule Taveta nilikuwa nimemwona ananunua viatu vya mitumba, mfuko mzima. Ile karatasi yake nzuri haivisaidii viatu: havikutengenezwa Kenya wala Uganda, vimetoka ng'ambo ya bahari, hivyo kwa sheria ni bidhaa ya nje na vinalipiwa kama vya nje. Sasa kwa jozi 30 za viatu, aende afungue tamko, atafute wakala, wakala ampige bei kama ya kontena? Ameniomba nisimtaje jina humu. Simtaji, ila nina wifi mmoja tu, na ukoo unasoma.

Himo nilimsubiri kwenye kibanda cha ndizi, njia panda, karibu na mizani ya malori. Akafika kwa bodaboda, furushi la viatu mgongoni, vumbi hadi kwenye kope. Tukapanda Haisi ya Moshi.

Nyumbani baba mkwe alikuwa amekaa nje, akifurahia jua. Shikamoo, marahaba, habari za Kenya. Alipoona viatu alitikisa kichwa, akaanza kama anavyoanza siku zote: mwaka 1977. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mpaka ulifungwa, Februari, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Miaka karibu saba. "Sabuni ilikuwa Taveta, sukari Taveta, mafuta ya kupikia Taveta, na Taveta ni pale," akanyoosha fimbo. Watu wa Holili na Rombo walipita migombani usiku. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, wakati wa Waziri Mkuu Sokoine, marehemu mama mkwe aliamka usiku akazika katoni ya sabuni chini ya mgomba. "Ule mgomba ukastawi?" nikauliza. "Ulikufa," akasema. "Povu."

Jioni nilikaa mezani kujumlisha. Arusha, kabla gari halijawasha injini: saa 35. Namanga: saa 18 na dakika 35. Barabarani Arusha hadi Nairobi, kuendesha kwenyewe: saa 8. Nilirudia kuangalia ile ya kwanza. Wiki nzima nimemlaani Namanga, na Namanga hata siyo aliyeongoza. Sehemu kubwa ya mpaka iko mjini kwangu, kati ya Ngaramtoni na ofisi ya wakala, na haina hata lango.

Wifi alikuja na chai akasoma juu ya bega langu. Anasoma polepole, anafuata kwa kidole. Alipofika Holili, dakika 11, akaguna.

"Na yangu mbona hujaandika?"

"Ipi?"

"Ya viatu. Andika: dakika 25. Bodaboda elfu 4." Akafikiri kidogo. "Na kijana wa kuangalia njia, elfu 2. Huyo muweke peke yake, usimchanganye na bodaboda. Ana idara yake."